Maegesho ya usiku ya kulipia kwenye vituo vya malori: Indianapolis hadi New Jersey, nilipie wapi na lini?

chapa_I70

Salamu wakubwa. Kuanzia wiki ijayo nimepangiwa ruti ya kudumu: napakia Indianapolis, nashusha Edison, New Jersey, mara mbili kwa wiki. Trela ni kavu (lisilo la friji) la futi 53, lori lina kitanda. Naripoti ghalani saa moja asubuhi na wakinipakia kwa wakati natoka saa tatu. Njia ni I-70 hadi New Stanton, naingia Pennsylvania Turnpike (barabara ya kulipia), nashukia Carlisle, halafu I-81 na I-78. Miadi ya kushusha ni saa nne asubuhi kesho yake.

Kila ninayemuuliza ananiambia huko mashariki ukichelewa jioni hupati pa kulala. Wengine wanasema lipia kila usiku, wengine wanasema kulipia maegesho ni kutupa pesa. Nataka kujua kwa hesabu. Kwa ruti hii nilipie kituo gani, na niweke nafasi saa ngapi? Nikifika nikakuta mtu amelala kwenye nafasi niliyolipia, nafanyaje? Na kama ghala likinichelewesha, ile pesa imekwenda?

MzeeWaMizani

Mdogo wangu, anza na saa zako, nafasi itafuata. Wengi huanza na programu ya simu, wanaona kituo kizuri, wanalipia, halafu saa inawaishia maili 40 kabla ya kufika.

Umeripoti saa moja asubuhi, kwa hiyo dirisha lako la saa 14, yaani muda ambao sheria inakuruhusu kuendesha ndani yake tangu uanze kazi, linafungwa saa tatu usiku, hata kama ulikaa mlangoni pa ghala bila kugusa usukani. Kutoka Indianapolis hadi Carlisle ni takriban maili 515. Kwa wastani wa maili 55 kwa saa, ambao ni wastani wa kweli ukijumlisha Columbus na milima ya Pennsylvania, hiyo ni saa 9 na dakika 20 hivi za kuendesha. Ongeza nusu saa ya mapumziko, ambayo lazima uipate kabla hujazidisha saa 8 za kuendesha, na dakika 20 za mafuta. Jumla saa 10 na robo. Ukitoka ghalani saa tatu asubuhi, unaingia Carlisle saa moja na robo usiku. Una akiba ya saa moja na dakika 45.

Hiyo akiba ndiyo ruti yako nzima. Ghala likikuchelewesha saa moja, bado unafika Carlisle. Likikuchelewesha saa mbili, hufiki kisheria, na nafasi uliyoilipia Carlisle itabaki tupu wewe ukiwa unatafuta pembeni mwa Turnpike. Kwa hiyo uamuzi wa kulipia ufanye ukiwa ghalani, milango ya trela ikishafungwa na sili (muhuri wa milango) imewekwa. Usilipie jana yake, na usisubiri hadi saa kumi na mbili jioni ukiwa njiani. Saa tatu asubuhi nafasi za kulipia za usiku huo kwa kawaida bado zipo. Jioni zinakuwa zimekwisha.

Kuhusu Bloomsbury, New Jersey, kule I-78, njia ya kutokea namba 7, ambako kuna TA na Pilot: madereva watakwambia ulale hapo kwa kuwa ni karibu na Edison. Kutoka Indianapolis ni kama maili 640. Kwa wastani ule ule ni zaidi ya saa 11 na nusu za kuendesha, na sheria inakupa 11. Usiilipie.

Carlisle inatosha. Ukisimama saa moja na robo usiku, saa 10 za mapumziko zinakwisha saa kumi na moja na robo alfajiri. Kagua lori robo saa, ondoka. Carlisle hadi Edison ni kama maili 160, saa tatu na ushee. Unafika karibu na saa tatu asubuhi, miadi ni saa nne. Ukifika Carlisle saa mbili na robo usiku badala ya saa moja na robo, ile saa ya ziada asubuhi imekwisha, na foleni moja tu ya I-78 itakutoa kwenye miadi. Mwambie dispacha (anayekupangia safari) mapema, siku hiyo hiyo ya kupakia.

Jambo moja la mafuta. Jaza Ohio, usijaze Carlisle jioni. Foleni ya pampu saa moja usiku inaweza kula nusu saa ya dirisha lako, na wakati unasubiri pampu wengine wanazidi kuingia maegesho.

DadaSlipa

Nakubaliana na Mzee kwa saa. Mimi niongeze namna ya kulipia, maana humo ndimo pesa zinapopotelea.

Kwanza ujue kwamba kwenye vituo vikubwa si uwanja wote unaouzwa. Pilot na Flying J wanaita nafasi zao Prime Parking, TA na Petro wanaita Reserve-It, Love's nao wanauza zao. Ni sehemu tu ya uwanja, iliyowekewa vibao au namba. Sehemu iliyobaki ni bure kwa anayewahi. Kwa hiyo programu ikikuandikia kwamba nafasi zimekwisha, maana yake ni kwamba za kuuza zimekwisha. Uwanja wa bure unaweza kuwa na nafasi ishirini. Na kinyume chake pia: uwanja wa bure umejaa pomoni huku nafasi nne za kulipia zimekaa tupu.

Bei mara nyingi ni kati ya dola 15 na 25 kwa usiku, na karibu na miji mikubwa inapanda. Carlisle una bahati ya kuwa na Flying J na Petro kwenye barabara moja, Harrisburg Pike, katikati ya Turnpike na I-81. Fungua akaunti za wote wawili leo, ukiwa nyumbani. Kuanza kuandika namba ya kadi na namba ya DOT (ya usajili wa kampuni) ukiwa kwenye rampu ya kutoka barabara kuu ni hatari, na ni kosa kushika simu ukiendesha.

Kwenye akaunti, namba ya lori na namba ya bamba ziwe za lori unaloendesha siku hiyo. Ukibadilishiwa lori kwa sababu la kwako liko gereji, badilisha na huko. Mlinzi anayezunguka usiku na orodha hakujui wewe, anajua namba. Namba isipolingana, kwake wewe ni mtu aliyeingia bila kulipa, na unaweza kuamka umefungwa klampu kwenye gurudumu.

Kosa la tarehe ndilo linalowapata wengi. Usiku unahesabiwa kwa tarehe unayoanza kulala. Ukitegemea kufika Jumatano saa sita na nusu usiku, yaani nusu saa baada ya tarehe kubadilika, nafasi unayoitaka ni ya Jumanne. Ukibonyeza Jumatano utakuwa umelipia usiku unaofuata, na usiku huu huna pa kulala. Soma pia saa ya kuanza na saa ya kumalizika kwenye uthibitisho, hazifanani kati ya kampuni na kampuni. Kama unakusudia kukaa saa 34 ili kuanza upya hesabu ya wiki, usiku mmoja hautoshi, lipia miwili na uombe nafasi ile ile.

Ukifika, usiende kwanza kwenye nafasi. Simama sehemu isiyozuia watu, ingia kaunta ya mafuta, onyesha uthibitisho. Watakupa namba au karatasi ya kuweka kwenye dashibodi, upande wa dereva, maandishi yakitazama nje. Pale ambapo hawatoi karatasi, muulize mhudumu: nafasi ina namba maalumu, au nichague yoyote ndani ya eneo?

Kukuta mtu kwenye nafasi yako ni jambo la kawaida, hasa baada ya saa mbili usiku. Usimgongee mlango na usimzibe kwa mbele. Mtu aliyeanza mapumziko yake akisogeza lori anaweza kuvunja saa zake 10, kwa hiyo mazungumzo yenu yatakuwa magumu hata akiwa muungwana. Piga picha tatu: kibao cha nafasi, namba ya lori lililokaa hapo, na lori lako likiwa nyuma. Rudi kaunta. Kazi ya kumwondoa ni yao. Waombe vitu viwili, nafasi mbadala usiku huu na pesa irudi kama mbadala haipo, na uondoke na jina la mhudumu wa zamu au risiti ya kurudishiwa. Ukilala kwanza ukasema utadai asubuhi, zamu imebadilika na hakuna anayejua habari zako.

Kama ghala limekuchelewesha na umeshalipia: fungua uthibitisho, angalia kama kuna muda wa kufuta bila kukatwa. Baadhi wanaruhusu kufuta mapema, wengine hawaruhusu kabisa. Ndiyo sababu Mzee anakwambia usilipie kabla ya sili.

chapa_I70

Asanteni sana, Mzee na dada. Nimeanza kuelewa. Sasa nina swali juu ya hilo: tuseme nimechelewa, saa tatu usiku inakaribia na niko kati ya Breezewood na Carlisle. Naweza kutumia PC (kuendesha lori kwa matumizi binafsi, nje ya saa za kazi) kumalizia hizo maili hadi Carlisle, ambako nimelipia? Kuna dereva ameniambia PC ni ya kwenda kulala, basi.

LogiSafi

Hapana. Huyo dereva atakuletea matatizo.

Mwongozo wa 2018 wa FMCSA, wakala wa shirikisho wa usalama wa malori, unaruhusu PC kwenda mahali pa karibu na salama pa kupumzikia baada ya kupakia au kushusha mzigo, na pawe mahali pa kwanza panapopatikana kwa namna ya busara. Hali yako ni tofauti. Wewe uko katikati ya safari na mzigo wa kampuni, na kila maili unayosogea inakupeleka karibu na Edison. Mwongozo unasema wazi kwamba kuruka sehemu za kupumzikia ili ukaribie pa kushushia si PC. Na kwa kuwa umelipia Carlisle, risiti yenyewe inamwonyesha mkaguzi kwamba ulikuwa unakimbilia Carlisle ukiwa umezipita sehemu nyingine.

Sehemu zenyewe ni hizi. Breezewood, kutokea namba 161, kuna vituo vya malori, lakini unatoka kwenye Turnpike na kurudi tena. Angalia hapo usikosee: I-70 inaachana na Turnpike kwenda Maryland, wewe unabaki I-76. Ukiivuka Breezewood, kwenye maili ya 172 kuna Sideling Hill, kituo cha huduma cha Turnpike kinachohudumia pande zote mbili, na hutoki barabarani kabisa. Maegesho hapo hayalipiwi. Kutoka hapo hadi kutokea 226 kwa Carlisle ni maili 54, saa nzima. Kwa hiyo kanuni yako iwe hii: ukipita kibao cha Sideling Hill ukiwa na chini ya saa moja na dakika 20 kwenye dirisha, ingia hapo. Hizo dakika 20 ni za taa za Harrisburg Pike, kaunta na kupiga rivasi.

Ila usiitegemee Sideling Hill usiku mkubwa. Ni bure, inajulikana na kila dereva, na inajaa.

PC itakufaa upande wa pili. Ukishusha Edison na wakakushikilia hadi saa zako zikaisha, hapo unaweza kuondoka kwa PC hadi mahali pa karibu pa kulala, na uandike maelezo kwenye ELD (kifaa cha kurekodi saa zako): umeshusha wapi, umeambiwa uondoke saa ngapi, umekwenda wapi. Pia kama umelala na ofisa wa usalama akakuamuru usogeze lori, huko kusogea kunaruhusiwa kama PC. Lakini kampuni yako inaweza kuwa na kanuni kali kuliko hizo, au isiruhusu PC kabisa ukiwa na mzigo. Waulize kwa maandishi.

Njia nyingine halali ambayo madereva wapya huisahau: kugawa mapumziko. Saa 7 au zaidi kitandani, na kipande kingine cha saa 2 au zaidi, jumla zifike 10. Vipande vyote viwili havihesabiwi kwenye dirisha la saa 14. Ghala likikuambia utasubiri saa tatu, na una nafasi ya kulala uwanjani kwao bila kuitwa kila dakika, weka ELD kwenye kitanda au nje ya kazi tangu mwanzo. Hizo saa tatu zinaweza kuwa kipande chako cha kwanza, halafu saa 7 Carlisle. Hapo umeokoa dirisha, na pia asubuhi unaondoka mapema. Ukiziandika kama kazini, haziwezi kurudi.

HesabuZaBarabara

Mmeulizwa kwa hesabu, ngoja niweke hesabu.

Dola 20 kwa usiku, usiku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka: dola 4,800. Hizo ni pesa nyingi, anayesema kulipia kila usiku hajazijumlisha.

Upande wa pili, taasisi ya utafiti ya ATRI ilikokotoa mwaka 2016 kwamba dereva hupoteza wastani wa dakika 56 za kuendesha kwa siku kwa kusimama mapema ili apate nafasi. Chukua maili 45. Anayelipwa senti 60 kwa maili anaacha dola 27. Mwenye lori lake anayepata dola 2 kwa maili anaacha dola 90 za mapato, kabla ya kutoa mafuta. Kwa hiyo usiku ambao dola 20 zinakununulia saa nzima ya kuendesha, lipa. Usiku ambao ungefika saa kumi jioni na uwanja mtupu, usilipe, umenunua kitu kilichokuwa bure.

Kwa ruti yako, kwenda mashariki lipia Carlisle. Kurudi magharibi, ukishusha Edison saa tano na kuondoka mchana, unavuka Pennsylvania na kuingia Ohio jioni, ambako nafasi za bure ni rahisi kidogo. Huko panga kusimama saa moja mapema na usilipe.

Nani analipa? Kama umeajiriwa na unapata W-2 (fomu ya mshahara wa mwajiriwa), kodi haitakusaidia: tangu mwaka wa kodi 2018 mwajiriwa hawezi kukata gharama za kazi ambazo mwajiri hakumrudishia kwenye kodi ya shirikisho. Kwa hiyo pesa yako ni ile tu kampuni itakayokurudishia. Ulizia kabla ya safari ya kwanza: wanarudisha usiku mangapi kwa wiki, kikomo cha bei ni kiasi gani, na kama lazima dispacha akubali kwanza. Kampuni nyingi zinakataa risiti isiyo na kibali hata kama nafasi ilihitajika kweli. Tuma ujumbe mfupi saa tatu asubuhi: "Naweka nafasi Carlisle usiku huu, dola 20, naomba kibali." Jibu lake ndilo risiti yako ya pili.

Mwenye lori lake au anayelipwa kwa 1099 (kama mkandarasi) anaikata yote kwenye Schedule C, fomu ya kodi ya biashara. Na haiingii ndani ya posho ya siku. Posho ile ni ya chakula na vitu vidogo, maegesho ni gharama inayojitegemea. Tunza risiti yenye tarehe, mahali na namba ya lori. Mstari kwenye taarifa ya benki ulioandikwa jina la kituo tu unaweza kuonekana kama umenunua soda.

Bukavu_Indy

Ndugu, wamesema vizuri, mimi naongeza upande wa usalama wa mzigo, kwa sababu Indianapolis wanapakia sana dawa na vifaa vya umeme.

Mzigo wa thamani, waajiri wengi wanataka usisimame kabisa maili 200 za kwanza. Wezi wanafuata lori toka mlangoni pa ghala na kungoja dereva aende chooni. Columbus iko kama maili 175, basi ile nusu saa yako ya mapumziko usiifanye Columbus. Toka ghalani ukiwa umeshajaza maji, umekula, umekwenda haja, na mapumziko yafanye karibu na Wheeling. Bado uko ndani ya saa 8.

Nafasi ya kulipia haimaanishi ulinzi. Unanunua mstari uliochorwa chini, ni hivyo tu, isipokuwa pale wanapoandika wazi kwamba kuna uzio, lango na mlinzi. Kwa hiyo weka kufuli kwenye milango ya trela, na ukiweza kuchagua, rudisha milango hadi karibu na ukuta au trela jingine, nafasi ya mtu kupita isibaki. Ukiacha trela peke yake, weka kufuli la kingpini (pini inayounganisha trela na lori) na la mipira ya upepo. Piga picha ya sili jioni na alfajiri, namba isomeke. Ukimfikia mpokeaji na sili si ile, picha ya jioni ndiyo itaonyesha ilivunjwa wapi.

Epuka nafasi ya mwisho ya mstari, pale malori yanapokata kona. Mtu mchovu akikata mapema, kona ya trela lake inachukua boneti yako au kioo. Epuka pia kulala kati ya matrela mawili ya friji kama una usingizi mwepesi, injini zao zinawaka na kuzima usiku kucha.

Kuna pia viwanja vya watu binafsi, vinauzwa kwa saa, siku au mwezi kupitia Truck Parking Club na wengineo. Vizuri kwa wikendi au kuacha trela. Lakini kabla ya kulipa soma: lango linafungwa saa ngapi, namba ya siri ya kufungulia lango inatumwa lini, barabara ya kufikia inaruhusu malori, daraja lina kimo gani, choo kipo? Vingi ni kokoto tupu, hakuna bafu. Ukiacha trela kwenye lami wakati wa joto weka mbao mbili nene chini ya miguu yake, la sivyo miguu inazama na asubuhi kichwa hakiingii chini.

DadaSlipa

Bukavu amenikumbusha habari ya kurudi nyuma. Nafasi nyingi za kulipia ni za kuingia kwa rivasi, na mara nyingi ziko mbele karibu na jengo ambapo njia ni finyu. Dereva mpya akifika saa moja usiku huku watu wanangoja nyuma yake anaharakisha. Washa taa za hatari, shusha vioo, zima redio, shuka uangalie, hata mara tatu. Ingia ukiwa unaiona nafasi upande wako wa dereva. Ikiwa iko upande wa abiria, zunguka uwanja uje kwa upande mwingine. Magurudumu ya trela yakiwa yamesogezwa mbele trela linakata kona kwa nafasi ndogo, lakini mkia unatoka nje zaidi, angalia lori la jirani. Ukisogeza magurudumu hayo kumbuka kuyarudisha kabla ya kuondoka, uzito wa ekseli umebadilika.

Na injini. Pennsylvania ina sheria ya 2008 inayozuia injini ya dizeli kuunguruma bila kutembea zaidi ya dakika 5 ndani ya saa moja, na kulipia nafasi hakukupi ruhusa. New Jersey ni dakika 3, ina masharti yake kwa malori yenye vitanda. Kama lori halina jenereta ya APU wala hita ya kitandani, waambie kampuni kabla ya majira ya baridi. Injini kubwa ikiunguruma inachoma kama galoni 0.8 kwa saa, saa 10 ni galoni 8, ghali kuliko nafasi yenyewe.

chapa_I70

Hili la mafuta sikulihesabu kabisa. Swali la mwisho: kwa nini vituo vya mapumziko vya majimbo kwenye Interstate haviuzi nafasi nao? Ningelipia huko kuliko kushuka Harrisburg Pike.

MzeeWaMizani

Sheria ya shirikisho inakataza biashara kwenye vituo vya mapumziko vya Interstate, tangu barabara hizo zilipoanzishwa mwaka 1956. Vituo vya huduma vya Turnpike kama Sideling Hill vina mafuta na chakula kwa sababu barabara hizo za kulipia zilikuwepo kabla. Kwa hiyo majimbo yanajenga nafasi chache na za bure, na waliobaki ni wafanyabiashara. Uchunguzi wa wizara ya uchukuzi uliotolewa 2020 ulihesabu takriban nafasi 313,000 nchi nzima, 40,000 tu zikiwa za umma. Uchunguzi huo upo kwa sababu ya Sheria ya Jason ya 2012, iliyopewa jina la Jason Rivenburg, dereva aliyeuawa Machi 2009 kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa South Carolina. Alikuwa amefika mapema, hakuweza kuingia kwa mpokeaji, akatafuta pa kungoja. Walimpora dola 7.

Kwa hiyo usiku ambao Sideling Hill imejaa, Carlisle imejaa na saa imebaki dakika 15, usilale kwenye rampu wala kwenye jengo lililofungwa. Ingia kituo chochote chenye taa, nenda kaunta, mweleze meneja kwamba saa zako zinaisha, uliza ni wapi hutamzuia mtu. Mara nyingi atakuonyesha pembeni mwa mizani au kando ya uzio. Akikukatalia, andika maelezo kwenye ELD, msogelee wa pili. Na mpigie mpokeaji wa Edison mchana wa siku ya kupakia umuulize kama wanaruhusu malori yenye miadi kulala uwanjani kwao. Wakikubali, andika jina la aliyejibu, maana kwenye safari ambayo miadi yao imesogezwa mbele hadi jioni utalala getini kwao bila kulipa chochote.

chapa_I70

Nimewapigia Edison sasa hivi. Wanaruhusu, lango la nyuma, mwisho malori sita, ufike kabla ya saa nne usiku. Kwa wiki ijayo nimefungua akaunti za Flying J na Petro, na dispacha amekubali dola 25 kwa usiku, mara mbili kwa wiki, kwa ujumbe kila safari. Shukrani nyingi.